Nilipoambiwa nijisifu dakika mbili

Wiki iliyopita ofisini tulikuwa na mkutano wa kufunga mwaka, ile ya kila mtu analeta chakula (mi nilipeleka maandazi, yaliisha kabla sijavua koti), bosi akasema haya sasa, kila mmoja ana dakika mbili aeleze jambo la kazi analojivunia kuliko yote tangu aajiriwe. Aisee. Mi nimelelewa Kigoma na bibi ambaye ukianza kujisifu anakukata jicho hadi unameza maneno, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sasa nisimame mbele ya watu kumi na sita nijitembeze?

Kwa wasionijua, niko Louisville, Kentucky, mwaka wa tisa huu. Shirika letu dogo tu, halifanyi biashara, tunahangaika na nyumba, mikopo midogo na kodi kwa watu wa kipato cha chini. Wateja wangu mimi karibu wote Wakongo wa Kivu waliokaa kambi ya Nyarugusu huko kwetu miaka na miaka, wengine wamezaa na kuozesha humohumo, kwa hiyo kilichonipa ajira ni Kiswahili, digrii ilikuja kusindikiza.

Basi wakaanza. Kijana wa kodi akasema yake, ile huduma ya kujaziwa fomu bure kabla ya tarehe 15 Aprili, watu wakacheka, fresh. Halafu akasimama mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi mzaliwa wa West End hapahapa. Akasema mtaa wa kwao ulipakwa nyekundu kwenye zile ramani za serikali za miaka ya 1930, yaani benki zikae mbali, hapo hapakopesheki. Mwaka huu kaisimamia familia moja hadi ikasaini mkopo wa nyumba mtaa uleule, milango mitatu kutoka alipozaliwa. Yeye hakulia, tulilia sisi.

Na baada ya huyo nani anafuata? Mimi.

Kwanza nilitaka kusema ya airport. Uwanja wa hapa tangu 2019 unaitwa Muhammad Ali, yule bondia, si ndo kwao, na mwaka mmoja nikaenda kupokea familia, mzee ameshika ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, kifuani kama mtoto, akaiona picha ya Ali akasimama katikati ya watu akapiga kelele "Ali boma ye!" Yaani "Ali, muue!" kwa Kilingala, kelele za lile pambano la Kinshasa 1974, Foreman kaanguka raundi ya nane, mzee anasema alikuwa mdogo wakasikiliza redioni. Polisi akageuka. Ila nikaona hiyo si kazi yangu, hiyo ni bahati yangu.

Nikasema ya likelemba. Sisi tunaita upatu, Wakenya chama, ni kitu kilekile. Kina mama kumi, wengi wanapanga vifurushi usiku maghalani, kila mwezi dola mia mia, elfu moja inamwendea mmoja. Mwenyekiti wao alinifungulia kaunta buku alilotoka nalo kambini, limeliwa na panya kona moja, viboksi vimechorwa kwa rula, bic nyekundu kwa aliyepokea, dole gumba kwa asiyejua kuandika. Miaka kumi na nne hakuna boksi tupu hata moja. Huyuhuyu benki ikamwambia hana krediti, hajulikani kama ni mtu wa kulipa!

Tukaiga walichofanya shirika la Mission Asset Fund kule San Francisco, upatu unaandikwa kama mkopo usio na riba, kila malipo yanaripotiwa kwa makampuni yanayotunza kumbukumbu za mikopo. Rahisi ukiisoma. Sasa wakimbizi wengi wasiojua tarehe ya kuzaliwa wanaandikiwa 1 Januari, mi nina kina mama wanne wa tarehe hiyo, wawili majina yanafanana, kampuni moja ikawachanganya faili, malipo ya huyu yanaenda kwa yule, nimepiga simu miezi mitatu nasikiliza muziki wa kusubiri hadi mwanangu akaujua. Siku faili zilipotengana, mwenyekiti akapata barua yenye namba yake ya kwanza ya krediti, ile benki zinayoangalia kabla ya kukukopesha, 668 kati ya 850. Akaniuliza, "Ni maksi? Nimepita?"

Nikaishia hapo. Watu wakapiga makofi ya adabu, bosi akauliza jumla wako wangapi, nikasema kumi, akaandika kumi. Simlaumu, mfadhili anataka tarakimu, ila nilijiona kama nimeleta samaki mbichi kwenye sherehe.

Jumamosi nikaenda kwao, wamepika sombe (kisamvu chetu), nikawauliza na nyie, kati ya yote tuliyofanya mnajivunia lipi? Wakatazamana. Mwenyekiti akaingia chumbani akatoka na lile kaunta buku. Kumbe hawakuliacha! Ile ya ofisini inaendelea, na hii nayo inaendelea pembeni kwa dola ishirini, "ile ni ya kuonesha wazungu, iyi njo yetu." Akachora boksi la kumi na moja kwa rula, akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Zamu yangu mwezi wa saba. Bosi asisome hapa.