Fomu kwanza, mpira baadaye: nilivyowafikisha vijana wetu uwanjani Lewiston

Nilihamia Lewiston, jimbo la Maine, kule kona ya kaskazini mashariki ya Marekani, mwaka 2009. Binamu yangu alikuwa amenipatia kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala, na zaidi yake sikumjua mtu. Wiki ya pili niliingia duka la nyama halali Mtaa wa Lisbon nikamsikia mzee mmoja akimwagiza mjukuu wake maji. Aliyaita "mazi". Nikasimama palepale na mfuko wangu wa mchele mkononi. Mimi ni Mzigua wa Handeni, na neno lile mara ya mwisho nililisikia kwa bibi yangu.

Nikamwamkia kwa Kizigua. Mzee alinitazama kuanzia viatuni hadi kofiani, kisha akaniuliza mimi ni wa mto gani. Sikuelewa swali. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwa watu wa mzee huyu, Wazigua wa Somalia, mtu ni wa mto, na mto wao ni Juba, kusini mwa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nyuma ya Tanga karne ya 19, wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia, wakatoroka mashambani na kujificha kwenye misitu ya bonde la Juba. Humo ndani lugha haikufa. Vita vya 1991 vikawatoa, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2002 wakahamishiwa Kakuma, kambi nyingine ya Kenya, na kutoka hapo Marekani ikapokea kama watu 12,000. Wengi walipelekwa miji mingine kwanza, lakini walisikia kuwa Lewiston nyumba ni nafuu na Waislamu wenzao wapo, wakahama tena kwa hiari yao wenyewe.

Hao Waislamu wenzao ni Wasomali walioanza kuingia Februari 2001. Mji wenyewe ni wa viwanda vya nguo vilivyojengwa kando ya Mto Androscoggin, na vingi vya viwanda hivyo vilikuwa vimefungwa. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu zaidi ya 41,000. Kufikia 2000 walibaki 35,690, na barabara za katikati ya mji zilikuwa na ghorofa tupu zenye mbao madirishani. Ghorofa hizo ndizo zilizojaa watoto.

Kila jioni watoto hao walikuwa Kennedy Park, bustani ya katikati ya mji, wakicheza mpira. Nilikuwa nakaa kwenye benchi kabla ya kwenda kazini, na nawaambia kweli, niliona mambo. Dogo wa miaka kumi na tatu anatuliza mpira wa juu kwa kifua, anageuka nao kabla haujagusa chini, viatu vyake ni makubazi. Nikajua mji huu umepata timu. Kisha nikagundua kuwa wengi wao hawako kwenye timu yoyote ya shule.

Nilianza kuuliza, mtoto mmoja mmoja. Majibu yalikuwa yaleyale: baba hajasaini.

Hapa lazima nieleze mambo yalivyo Marekani, maana sisi tulizoea kuwa na mpira na miguu basi. Shule ya sekondari ina misimu. Mpira wetu, wao wanauita soka, unachezwa majira ya kupukutika majani, msimu uleule wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kugongana. Mtoto hawezi kugawanyika mara mbili, kwa hiyo aina ya watoto waliopo mjini ndiyo inayoamua uwanja upi ujae. Mazoezi yanaanza katikati ya Agosti, shule haijafunguliwa. Bila fomu ya daktari, ruhusa ya mzazi na cheti cha kuzaliwa au hati inayoonyesha umri, mtoto haingii uwanjani hata kama ni mchawi wa mpira. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa na kazi yake. Siku moja nilikuwa na vijana wanne garini, na wote wanne karatasi zao zilisema Januari 1. Kambini aliyekuwa hajui tarehe aliandikiwa hiyo. Timu pinzani zikiona majina manne ya Januari 1, maneno yanaanza. Kwa hiyo niliwafundisha wazazi kuweka hati za uhamiaji kwenye bahasha moja, zisikunjwe, na kijana awe na nakala kwenye begi.

Lakini saini ndiyo iliyonisumbua. Nilimwendea yule mzee wa dukani, kwa sababu mwanawe wa pili ndiye aliyekuwa dogo wa makubazi. Nikasema shikamoo, nikakaribishwa, tukanywa chai ya tangawizi. Nikatoa fomu. Mzee hakuigusa.

"Mwanangu," aliniambia, "karatasi za mji huu nazijua."

Alikuwa na maana ya barua. Oktoba 2002 meya wa wakati ule aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kuja. Mzee hakuwepo wakati huo, alikuwa bado Kakuma, lakini barua ile ilimfikia kwa masimulizi kabla ya yeye kuufikia mji. Yaliyofuata hayakumfikia: Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano wao, wakajitokeza watu wachache tu, na siku hiyohiyo maelfu ya wenyeji walikusanyika kuwatetea majirani wao wapya. Nilimsimulia. Alisikiliza, akasema sawa, akanyanyua fomu akaniambia nimsomee yote, nisiruke hata mstari.

Nikasoma, natafsiri papo hapo. Pumu, hapana. Kuzimia, hapana. Nikafika kwenye swali la ndugu: je, kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Nililitoa hivyohivyo kwa Kizigua, neno kwa neno.

Mzee akaweka kikombe chini. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akageuka kutazama ukuta. Nikasikia friji tu.

"Nianze na yupi?" mzee akauliza.

Alianza kweli. Alitaja kaka yake, akataja mashamba ya Jilib kule bonde la Juba, akataja usiku mmoja. Nilikaa pale mpaka karibu nichelewe zamu. Sikuandika chochote. Swali la daktari lilikuwa la ugonjwa wa moyo, na mimi nililipeleka kama risasi. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nimelitengeneza upya. Sasa nasema: je, kuna ndugu wa damu aliyeanguka akafa bila kupigwa, bila vita, bila kuugua, labda akiwa anakimbia au amelala? Ni refu, lakini halimrudishi mtu kule.

Mzee alisaini siku ya tatu, kwa masharti mawili. Kijana asikose swala, na asirudi kwa miguu usiku.

Gari langu lilikuwa Toyota ya viti saba, na zamu yangu ilianza saa nne usiku. Nikawa dereva. Shule iko mbali kidogo na mitaa ya katikati ya mji, na wazazi wengi walikuwa kazini jioni, akina mama wakifanya usafi mahotelini. Shida nyingine ikatokea humohumo: vijana hawa ndio waliokuwa yaya wa wadogo zao. Mama mmoja alinieleza bila kuzunguka, "Wewe ukimchukua huyu, hawa watatu nimwachie nani?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilichofanya ni kuwakutanisha akina mama wa jengo moja, wakapeana siku. Jumatatu watoto wote wako ghorofa ya pili, Jumanne ya tatu. Ilifanya kazi kuliko mradi wowote niliowahi kuuona, na hakuna aliyelipwa.

Agosti 2010 ikawa Ramadhani. Ilianza tarehe 11, na jua la Maine mwezi huo linazama karibu saa mbili usiku. Vijana walikuwa wakikimbia mchana wa joto, midomo imekauka, na wenzao Wazungu wakiwauliza hata maji hamnywi? Hata maji. Niliwaeleza makocha utaratibu wa mfungo, nikakuta ni watu wanaosikiliza. Upande wetu tuliweka mambo matatu: daku isiwe chai na mkate tu bali uji na maharage, kijana akiona kizunguzungu akae chini aseme bila aibu, na tende ziwe garini kwangu. Nilikuwa naegesha nje ya uwanja, redio imezimwa, nawasubiri. Wakati mwingine Mzungu mmoja mmoja alikuja naye kuchukua tende. Bado nakumbuka kijana mmoja mwenye nywele nyekundu alivyokuwa akitemea kokwa kwenye kiganja chake kwa adabu, hajui aziweke wapi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa bwana mzee mwenye asili ya Quebec. Siku aliyoniona natoa viatu vya njumu vilivyojaa tope garini alinisimulia kwamba babu yake alikuja kwa treni kutoka Kanada kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, akachekwa kwa Kifaransa chake na Ukatoliki wake. Miaka ya 1920 wabaguzi wa Ku Klux Klan walikuwa na nguvu Maine, na adui wao mkubwa walikuwa Wakatoliki wa Kifaransa kama wao. Watu hao walikuja na hoki ya barafuni, na Lewiston ikawa mji wa hoki. Mzee yule alicheza mwenyewe, goti lake moja halikunji vizuri. "Kila watu waliokuja hapa walikuja na mchezo wao," aliniambia. Tangu hapo sijawahi kumwona mtu akinung'unika kwamba soka imeufunika mji nisimkumbuke babu yake.

Novemba 2015, Portland, fainali ya jimbo dhidi ya Scarborough. Timu ya shule ya sekondari ya Lewiston ilikuwa haijafungwa msimu mzima, na ndani yake kulikuwa na vijana waliotoka Somalia, Kenya, Kongo na kwingineko. Walikuwepo watu zaidi ya 4,000. Bao lilikuja kwa mpira wa kurusha: kijana alipiga sarakasi na mpira mkononi, akautupa kama kombeo hadi golini, kipa akaugusa ukaingia. Asingeugusa lisingekuwa bao. Moja bila, mwisho. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa soka katika historia ya shule hiyo, na ukafuatiwa na wa 2017 na wa 2018. Mzee wangu alikuwa kando yangu amevaa makoti mawili. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akauminya mpaka vidole vikaniuma, na hakuuachia hadi vijana walipoanza kutoka uwanjani.

Mji umeendelea kubadilika. Hesabu ya 2020 ilikuta watu 37,121, na miaka ya karibuni familia nyingi mpya zimetoka Kongo na Angola. Kila Agosti nakaa mezani kwa mtu na fomu. Kwa Wakongo wa mashariki natumia Kiswahili, nashukuru Mungu.

Mwaka juzi nilikaa na mama mmoja wa Uvira. Nikamsomea swali langu refu: aliyeanguka akafa bila kupigwa, bila vita, bila kuugua. Nilishazoea kusikia hapana, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kisanduku. Akasema, "Ndiyo, baba. Kaka yangu mdogo. Alikuwa anacheza mpira."

Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikimbilia pasi, akalala, hakuna aliyemgusa. Wakasema ni sumu.

Niliweka alama ya ndiyo, na kijana wake hakuniangalia usoni njia nzima kurudi, kwa sababu alijua maana yake ni kusubiri. Alipelekwa kwa daktari wa moyo, wakampima kwa mashine ile ya nyaya kifuani, wakampima tena akiwa anakimbia. Alikosa mechi mbili, amekaa benchi na jezi yake. Ya tatu akaanza, namba sita.