Waini iliyonuka koroboi

Wacha nianze na aibu. Chupa yangu ya kwanza ya Riesling ya Alsace, waini nyeupe ya zabibu za jina hilo hilo, niliirudisha dukani. Nilifika nayo nyumbani hapa Kisumu, nikafungua, nikanusa, eeh, mafuta ya taa! Ile ile harufu ya koroboi ya dani, nyanya yangu, kule Siaya, unasoma umeinama na asubuhi ukipenga kamasi inatoka masizi matupu. Nikamwambia jamaa wa duka hii imeharibika, akanirudishia pesa bila hata kunusa, kumbe sisi wote wawili hatukuwa tunajua kitu.

Hiyo harufu ni ya Riesling yenyewe, inakuja chupa ikikaa miaka, na zaidi kama zabibu zilipigwa na jua sana. Kuna watu wanaitafuta hiyo koroboi makusudi. Ukiipita unapata ndimu, na uchachu unaofanya mate yajae mdomoni.

Alsace iko mashariki mwa Ufaransa, ukivuka mto Rhine uko Ujerumani. Wajerumani waliichukua 1871, ikarudi kwa Wafaransa 1918, 1940 ikachukuliwa tena, kwa hivyo usishangae majina ya huko yanauma ulimi. Milima ya Vosges inakinga mvua, ni kama vile Aberdare zinavyoinyima Naivasha, ndio maana zabibu zinapata muda wa kuiva polepole. Na kitu napenda, wanaandika jina la zabibu kwenye lebo, Ufaransa kwingi unaandikiwa jina la mahali tu halafu ujijue.

Sasa Gewürztraminer, jina la zabibu nyingine ya huko. Kulitamka mbele ya watu bado sijathubutu. Gewürz kwa Kijerumani ni viungo, na ganda la zabibu yenyewe ni la pinki ingawa waini inatoka nyeupe. Kila mahali nilisoma "litchi, litchi" na mimi litchi sijakula hata moja, nikawa nanusa naitikia tu kama mtu kanisani asiyejua wimbo. Siku moja rafiki yangu wa Mombasa akaweka pua kwa glasi, akacheka, "Hii si shokishoki na marashi ya waridi, kama tuko harusini!" Hapo ndio pua yangu ilifunguka. Na hakukosea, kuna kemikali moja inapatikana kwa waridi, kwa litchi na kwa hii waini.

Lakini tafadhali, weita, usiniwekee barafu ndani ya glasi. Najua joto la huku, lakini ikiwa baridi sana harufu inalala. Digrii 8 hadi 10 inatosha, mimi naitoa kwa friji naiacha mezani kidogo tu, Kisumu inamalizia yenyewe.

Kwa chakula, Gewürztraminer na ngege (tilapia) wa kukaanga zilikataana kabisa, haina uchachu wa kukata mafuta. Na biriani yenye pilipili ilikubali. Ngege mpe Riesling na kachumbari yenye ndimu, halafu uniambie.

Wiki iliyopita nilipita kwa lile duka. Riesling mbili zilikuwa zimebaki, bei imeshushwa. Nikauliza kwa nini. "Aah, hizo kasitoma walilalamika zinanuka." Nikanyamaza, nikabeba zote.