Nilivyojifunza kusoma basalti za chini ya bahari

Nilipopewa jedwali la kemia ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, kutoka migongo ya katikati ya bahari, yaani safu za milima chini ya maji, nilidhani ni kazi ya siku mbili. Nilinganishe sodiamu ya mgongo huu na ya mgongo ule, nijue wapi mwamba wa ndani ya dunia umeyeyuka zaidi, basi. Ilinichukua karibu miezi miwili.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Sodiamu haikai sana ndani ya mwamba mgumu. Mwamba unapoanza tu kuyeyuka, sodiamu huhamia kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Mwamba ukiyeyuka kidogo, magma huwa na sodiamu nyingi. Ukiyeyuka zaidi, sodiamu ileile huenea katika magma nyingi na kiwango chake hushuka.

Lakini kwanza ilinibidi nielewe kwa nini mwamba unayeyuka. Kwa miaka nilikuwa nikiamini kwamba chini ya migongo hiyo kuna moto wa ziada unaouchemsha. Sivyo. Mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, imefanyika kwa peridotiti, mwamba mgumu ambao hata hivyo hutiririka polepole mno. Mabamba mawili ya dunia yakiachana, peridotiti hupanda kuziba nafasi. Haiongezewi joto njiani. Hata hupoa kidogo. Kinachopungua ni mgandamizo, na mgandamizo ukipungua, joto linalohitajika kuyeyusha mwamba hushuka upesi kuliko joto la mwamba wenyewe. Hapo huanza kuyeyuka, tena sehemu tu, mara nyingi karibu asilimia 10. Siku nilipolielewa hili nilifunga daftari nikakaa kimya kwa muda. Migongo hii ina urefu wa kilomita 65,000 hivi, na karibu sakafu yote ya bahari kuu imezaliwa kwa kushuka kwa mgandamizo.

Grafu yangu ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye potasi. Basalti ya kawaida ya migongo hii ina takriban asilimia 50 ya silika, lakini oksidi ya potasi ni kama asilimia 0.1 tu, kwa sababu mantili inayoizaa ilikwisha kupoteza potasi nyingi zamani, mabara yalipokuwa yakijengwa. Baadhi ya sampuli zangu zilikuwa na mara tano ya hapo. Nikaanza kuandika maelezo marefu kuhusu mantili ya ajabu, hadi mwalimu wangu akaniuliza swali moja: “Hiki ni kioo au ni jiwe zima?” Lava, yaani magma iliyofika juu, ikimwagika kwenye maji baridi hujiviringa kama mito ya kulalia, na ngozi yake huganda papo hapo kuwa kioo cheusi. Kioo kisichochakaa huhifadhi kemia ya magma. Jiwe lililolowekwa baharini muda mrefu hufyonza potasi ya maji. Nikafuta sampuli zote ambazo hazikuwa kioo, karibu nusu ya jedwali. Iliniuma, lakini hakukuwa na njia nyingine.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Magma haifiki juu jinsi ilivyotoka chini. Njiani hupoa, na madini huanza kujitenga: olivini kwanza, halafu plajioklesi, halafu piroksini. Olivini huondoka na magnesi na kuacha sodiamu nyuma. Kwa hiyo lava mbili zilizotoka kwa mzazi mmoja zinaweza kutofautiana kwa sodiamu kwa sababu tu moja imepoa zaidi. Nilikuwa nikipima kupoa nikidhani ninapima kuyeyuka.

Dawa yake ilitolewa na wanajiokemia Emily Klein na Charles Langmuir mwaka 1987. Kwa kila eneo unachora sodiamu dhidi ya magnesi, unafuata mwelekeo wa nukta, kisha unasoma sodiamu pale oksidi ya magnesi inapokuwa asilimia 8. Lava zote zinalinganishwa zikiwa zimefika hatua moja ya kupoa. Nilirudia eneo moja baada ya jingine, kwa mkono, maana sikutaka kompyuta inifichie kitu.

Kisha nikaweka thamani hizo dhidi ya kina cha mgongo. Nukta zilijipanga! Cayman, katika Karibi, ambako mgongo uko chini sana, sodiamu ilizidi asilimia 3. Kolbeinsey, kaskazini mwa Iceland, kwenye maji ya kina kifupi, ilikuwa chini ya 2. Mantili yenye joto zaidi huanza kuyeyuka ikiwa chini zaidi, hivyo hutoa magma nyingi, ganda huwa nene, na mgongo huinuka. Kipande cha kioo kinatosha kukuambia hayo.

Nukta chache zilikataa mstari. Zote zilitoka karibu na visiwa vya Azores katika Atlantiki, na potasi yake ilikuwa juu hata kwenye kioo safi kabisa. Safari hii sikuzifuta. Pale kilichotofautiana si kiasi cha kuyeyuka peke yake, bali mwamba wenyewe unaoyeyuka, na sasa ninazifanyia kazi hizo tu.