Mstari wa watoto wa miaka 0 hadi 6

Jana nimekaa mpaka saa saba usiku naangalia majedwali ya sensa ya India ya 2011, kijiji kwa kijiji, na usingizi wote ukaniisha. Wale wenzetu wana vijiji karibu laki sita vyenye watu na kila kimoja wamekiandikia takwimu zake, hata kile cha kaya thelathini, unakuta wanaume wangapi, wanawake wangapi, wanaojua kusoma, waliofanya kazi miezi sita na zaidi na wale wa vibarua vya msimu, halafu kuna mstari wa watoto wa miaka 0 hadi 6, wa kiume na wa kike.

Huo mstari ndo ulinikamata. Chukua kijiji chenye watoto 40, wavulana 22 wasichana 18, ukitazama harakaharaka unaona pengo la wanne tu na kwa kijiji kimoja kweli yaweza kuwa ilitokea tu, ila wao wanahesabu wasichana kwa kila wavulana 1000, hapo inakuja 818, wakati uzazi ukiachwa wenyewe unatoa kama 950. Sasa jumlisha nchi nzima: 1991 ilikuwa 945, 2001 ikawa 927, 2011 ikashuka 919, na jimbo la Haryana 834. Hapo huwezi kusema imetokea tu, kuna watoto wa kike hawakuachwa wazaliwe na wengine walizaliwa wakakosa matunzo.

Daktari kumwambia mama jinsia ya mtoto aliye tumboni kule ni kosa tangu sheria ya 1994, lakini ultrasaundi zikafika mpaka miji midogo na watu wakapata njia. Na mahari, jamani, mahari ya kule inatoka upande wa binti, imepigwa marufuku tangu 1961 na bado inadaiwa, kwa hiyo mkulima wa ekari mbili akizaa binti anaanza kuhesabu deni siku hiyohiyo. Mimi nina mabinti watatu, niliposoma hapo nikainuka nikaenda kuwaangalia walivyolala.

Kijiji kilichonipa moyo ni Piplantri, wilaya ya Rajsamand kule Rajasthan, eneo la machimbo ya marumaru, ardhi ilikauka na vumbi jeupe kila mahali. Shyam Sundar Paliwal, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, alifiwa na binti yake Kiran akapanda mti wa kumbukumbu, na kutoka hapo wakakubaliana kila akizaliwa mtoto wa kike kijiji kinapanda miti 111, miembe, mwarobaini na mingine, na chini yake aloe vera ili mchwa wasiiguse. Wanakijiji wanachanga rupia 21,000, wazazi wanaongeza 10,000, zinakaa benki kwa jina la mtoto mpaka akue, na wazazi wanasaini karatasi kwamba atasoma na hataozeshwa kabla ya umri wa kisheria. Nimependa sana hilo la hela, maana linagusa palepale panapouma, ile hesabu ya deni ya baba. Na sikukuu ya Raksha Bandhan, ambayo dada humfunga kaka uzi mkononi, wasichana wa pale wanaifunga na miti yao pia.

Sensa ya 2021 iliahirishwa, sasa wamepanga 2027. Ikitoka nitaanza na Haryana, mstari uleule wa 0 hadi 6.