Mbuga mbili, RAV4 ya zamani, na Mama kiti cha mbele

Mama alipoambiwa tunakwenda mbugani aliuliza swali moja tu: "Nitoe hela nikamwangalie nguruwe?"

Mama amezaliwa Mkwaja, kule kusini ya mto Pangani. Utoto wake ulikwenda shambani, mchana anafukuza nyani, usiku kaka zake wanalala kwenye dungu kumngoja nguruwe pori. Kwake yeye wanyama wako wa aina mbili, wanaokula mihogo na wasiokula mihogo, na hao wa pili hakuwahi kuonana nao.

Mimi nimekaa Tanga mjini miaka yangu yote na nilikuwa sijaingia hifadhi hata moja. Aibu yenyewe ni kwamba mbuga zimetuzunguka. Ukielekea kaskazini uko Mkomazi, ambayo sehemu yake imo ndani ya mkoa wetu, upande wa Lushoto na Mkinga. Ukishuka kusini ukavuka Pangani unaikuta Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuziona, sisi tunazisikia kwenye redio. Basi likizo ya Juni nikaamua: mimi, Mama, binti yangu wa darasa la tano na mdogo wake wa kiume, ndani ya RAV4 yetu iliyokwishakula chumvi nyingi. Baba watoto alikuwa na zamu bandarini, akatuaga kwa maneno yanayohusu gari tu.

Kabla ya safari nilimpelekea gari fundi wa Ngamiani. Akabadilisha mkanda wa feni, akatazama breki, akanionyesha kwamba tairi ya spea haina upepo. Nilikuwa nimeibeba miaka miwili kama pambo. Akanishauri nichukue na kipande cha ubao mnene, maana jeki ikikaa kwenye udongo laini inazama badala ya kunyanyua. Ubao nikautia kwenye buti. Asubuhi ya safari Mama akatokea na kapu lake la ukili lenye chapati, mihogo ya kukaanga, chupa mbili za chai, sufuria, na kibao cha kusukumia chapati. Kibao cha nini, Mama? "Kwani huko tuendako hakuna unga?" Kapu halikuingia, ubao wa fundi nikaushusha barazani. Mtaona.

Barabara ya kwenda Same ni lami tupu na haina cha kumtisha dereva isipokuwa vibao vya 50. Kila kijiji kina kibao, na penye kibao pana tochi ya trafiki. Muheza nilikuwa mpole, Segera mpole, Korogwe mpole, baadaye mashamba ya mkonge yalivyonyooka na mguu nao ukanyooka. Nikapigwa tochi nikiwa 63. Faini elfu 30. Mama akasema hela hiyo ingenunua debe la mihogo. Mombo tukanunua mapeasi yaliyoshuka kutoka Lushoto, Usambara ikiwa imetusimamia kulia kama ukuta, na jioni tukalala gesti ya kawaida pale Same, mji wa upepo na vumbi.

Nilikosea asubuhi yake. Lango la Zange liko karibu sana na mji, nikajisifu kuwa saa 12 kamili lango likifunguliwa tutakuwa wa kwanza. Kweli tulikuwa wa kwanza. Lakini kiingilio hakilipwi kwa noti, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, na simu yangu pale langoni ikawa inazungusha duara tu. Tumekaa hapo tukitazama milima ya Upare mpaka saa moja na nusu, muda ule ule ambao wanyama wanatembea kabla jua halijawa kali. Tangu siku hiyo nafanya mambo ya malipo mjini, jana yake, mtandao ukiwa na nguvu. Kitambulisho cha NIDA nacho ni muhimu, kwa sababu mwananchi analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni, ila lazima uonyeshe kuwa ni mwananchi. Changu nilikisaka mkoba mzima. Mama akafungua pindo la kanga, chake hiki hapa.

Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951 na ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 3,200, imepakana na Tsavo ya Kenya, na wanyama hawajui mpaka. Nilidhani nitakuta makundi kama ya kwenye televisheni. Sikuyakuta. Mvua za masika zilikuwa zimeisha majuzi, nyasi zimesimama, na maji yako kila bonde, kwa hiyo mnyama hana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Tulikwenda bwawa la Dindira tukakuta ndege na kimya. Askari wa langoni alikuwa ametuambia: mkitaka kuona wengi, njooni Agosti au Septemba, bwawa linakuwa kama kisima cha kijiji. Kuna pia eneo lililozungushiwa uzio la faru weusi. Faru wa kwanza waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, baada ya wale wa asili kumalizwa na majangili. Kuwaona kuna malipo yake mbali, nikapiga hesabu ya petroli iliyobaki kulipiwa, nikapita.

Lakini tulimwona choroa. Alisimama peke yake kando ya njia, pembe zimenyooka kwenda juu kama fito mbili, uso umechorwa weusi na weupe. Mama akateremsha kioo kabla sijamkataza.

"Huyu kapakwa wanja na nani?"

Akauliza anakula nini. Nikamwambia nyasi. Akamtazama tena, muda mrefu, kwa macho mengine. Baadaye tukamkuta swala twiga kasimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndani ya kichaka cha miiba, na mwanangu mdogo akacheka mpaka akapaliwa na chapati. Twiga tuliwaona wengi, pundamilia, pofu kwa mbali, na tembo watano wekundu kwa udongo wa huko. Saa nne asubuhi joto likashika kila kitu, wakapotea. Adhuhuri nilikuwa tayari kutoka, Mama ndiye aliyesema tungoje jioni. Ndani hakuna kituo cha mafuta wala duka, kwa hiyo kama hukujaza tenki Same na hukubeba maji ya kutosha, neno kama hilo huwezi kulikubali. Sisi tulikuwa na lita 20 za maji. Tukangoja.

Tulirudi Tanga tukafua nguo, tukapumzika siku moja, kisha tukashika njia ya Pangani. Nakiri mpango huu ulikuwa wa kinyume: Saadani ni pa kwenda wakati udongo umekauka, na Juni udongo bado. Likizo ya shule ndiyo iliyopanga, si mimi. Pangani nikajaza tenki, tukapanda kivuko hadi Bweni, na kuanzia hapo Mama akawa ndiye mwongozaji. Huku kulikuwa na shamba la fulani, huku tulikuwa tukichota maji. Tulipofika upande wa Mkwaja akaonyesha vichaka vilivyofungamana akasema hapa palikuwa na ng'ombe maelfu. Ni kweli, palikuwa na ranchi kubwa tangu miaka ya 1950, kaka yake mkubwa alichunga humo. Ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa ni sehemu ya hifadhi, ambayo ilipandishwa hadhi kuwa ya taifa mwaka 2005. "Mzungu hakushindwa na simba," Mama akasema. "Alishindwa na mbung'o." Dakika chache baadaye mbung'o mwenyewe akaingia dirishani akamchagua binti yangu, aliyevaa jinzi ya buluu. Buluu na nyeusi ndizo rangi wanazozipenda, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki, au rangi yoyote iliyopauka, na vioo vipandishwe hata kama mnaiva.

Saadani niliingia saa tisa alasiri kwa makusudi. Kibali kinahesabiwa saa 24, na ukilala humo humo unapata jioni ya leo na asubuhi ya kesho kwa malipo ya mara moja. Tulichukua na askari wa kutuongoza, na sijawahi kutumia hela vizuri zaidi ya hiyo, maana kesho yake asubuhi, tukitafuta simba aliyeacha nyayo mchangani, nilikata kona nikaingia kwenye tope jeusi.

Udongo ule ukikauka ni zege, ukilowa ni sabuni. Nilikanyaga mafuta kwa hofu, magurudumu yakazunguka, gari likakaa chini kama kuku anayetaka kuatamia. Simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao. Mama akasema, "Zima. Huu ni udongo wa mpunga, ukiupigia kelele unazidi kukumeza." Askari akashuka na bunduki yake, akaangalia pande zote, kisha akaturuhusu kushuka upande mmoja tu wa gari. Akaomba jeki. Jeki ikawekwa, ikazama. Akaomba ubao.

Nikamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Kile kibao cha chapati kilikuwa cha mninga, amekaa nacho tangu kabla sijaolewa.

Kilitosha kunyanyua gurudumu moja, tukashindilia majani makavu na mkeka wa kuketia, tukapunguza upepo wa tairi, kisha gurudumu la pili. La tatu kibao kikapasuka katikati kwa mlio ambao nilidhani ni risasi. Lakini gari lilikwishapata pa kushika, nikatoka kwa gia ya kwanza polepole, sikusimama mpaka kwenye mchanga. Askari alimwambia, "Shikamoo Bibi, na pole kwa kibao," Mama akaitikia marahaba bila kumwangalia. Vipande viwili akavifunga kwenye kanga.

Tulivyobaki kuona tuliviona kwa matope magotini: kuro, kongoni, nyani waliokaa ufukweni wakichokora kaa, na viboko wa mto Wami tuliowafuata kwa boti, wamejazana majini huku mamba wamelala kingoni midomo wazi. Ngiri alipovuka njia mkia juu, na watoto wake nyuma mikia juu, wanangu walipiga makofi. Mama aliokota kijiti akiwa ndani ya gari. Mazoea.

Safari zote mbili gari lilikunywa kama lita 90, na kibao kipya nimemnunulia Ngamiani, anasema ni chepesi.

Tukiwa Bweni tunangoja pantoni, gari limekauka tope mpaka madirishani, kijana mmoja mwenye baiskeli iliyobeba gunia la mihogo alimwuliza Mama tumetoka wapi. Mama akamweleza habari za choroa, pembe zake na wanja wake, akamwonyesha urefu kwa mikono.

"Anakula mihogo?" kijana akauliza.

"Hali," Mama akasema. "Na wa Same, si wa hapa. Huku ni wale wale."