Kikombe cha tatu

Mei 1982, vita vya Falkland vikiwa vimechacha, barazani kwetu Wete redio haikuzimwa. Ubishi ulikuwa mmoja kila jioni: Mirage, ndege ya kivita ya Argentina, ina mbio zaidi ya mara mbili ya sauti, Sea Harrier ya Uingereza haifikii hata mbio za sauti zenyewe. Basi vipi mwenye mbio ndiye anayetunguliwa?

Ami, aliyewahi kuwa fundi wa injini za ndege jeshini, alishika dele akapanga vikombe vitatu mkekani.

“Hichi cha kwenda. Hichi cha kurudi.” Akavijaza vyote viwili mpaka ukingoni. Cha tatu kikapata kahawa ya kulowesha chini tu. “Na hichi ndicho cha kupigania.”

Kutoka pwani ya Argentina hadi visiwa vya Falkland ni kama kilomita 700, na kiwanja cha ndege cha Stanley, mji mkuu wa huko uliokuwa mikononi mwa Argentina, chenye urefu wa mita 1,250 hivi, kilikuwa kifupi mno kwa ndege zile. Mirage haikuwa na mrija wa kujazia mafuta angani. Skyhawk, ndege yao nyingine, ilikuwa nao, lakini ndege za kuwajazia zilikuwa mbili tu. Rubani akifika alikuwa na dakika za kuhesabu, na akiwasha moto wa nyuma ya injini, ule unaompa zile mbio, mafuta humwagika zaidi ya mara mbili. Ami alikiinamisha kikombe cha tatu tukaona.

“Wewe ukenda Tanga kwa mashine na mafuta ya kurudia tu,” alimwambia mvuvi mmoja, “utashindana na nani njiani?”

Sea Harrier zilipaa kutoka kwenye manowari zilizokuwa karibu zaidi. Hakuna hata moja iliyotunguliwa na ndege ya adui. Sita zilipotea: mbili kwa risasi na makombora ya ardhini, nne kwa ajali. Mbili kati ya hizo nne zilipotelea ukunguni siku moja, na nyingine iliteleza sitahani ikatumbukia baharini.

Linaloniuma mpaka leo ni la tarehe 1 Mei. Mirage moja ilijeruhiwa kwa kombora la Sea Harrier, mafuta ya kurudi hayatoshi. Rubani akaona bora ajaribu kutua Stanley, kiwanja kifupi vile vile. Wapiga mizinga wa Argentina wenyewe wakadhani ni adui. Wakamtungua, akafa pale pale.