Dafu la Shangazi

Juzi muuza madafu alisimama na baiskeli yake nje ya geti, watoto wakamkimbilia kama kawaida yao. Yule wa mwisho, asiyeacha kitu kipite bila kukiuliza, akaniambia: "Mama, mbona wewe hunywi dafu hata siku moja?" Nikamwambia nitamweleza akikua. Naandika leo, nisije nikasahau.

Ilikuwa Februari 2017, joto lile la Dar ambalo hata feni inapuliza moto. Baba amelazwa Muhimbili, jengo la Mwaisela. Presha ilikuwa imezila figo zake kimyakimya kwa miaka; tunakuja kujua, miguu imeshavimba na akilala chali anahema. Akawekewa mpira shingoni, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila akiunganishwa na mashine anakaa kama saa nne. Mimi nashuka kituo cha Fire na hotpoti yangu, natembea hadi getini, nangoja saa ya kuona wagonjwa pamoja na wenzangu wenye vikapu.

Masharti yalikuwa mengi, lakini lililomtesa ni maji. Nusu lita kwa siku, na humo humo uhesabu chai, uji, mpaka mchuzi. Mkojo ulishakata, kwa hiyo anachokunywa kinabaki mwilini na kikizidi kinaingia mapafuni. Nilielezwa, nikaelewa. Lakini hakuna anayekufundisha namna ya kumnyima maji baba yako mzazi, midomo yake imepasuka na anakutazama.

Jioni ile Shangazi akaingia kutoka Mkuranga, jasho linamtiririka, na dafu kwenye kikapu cha ukindu. Limeshachongwa. Sisi watu wa Mafia hatumwendei mgonjwa mikono mitupu, na dafu ndilo la kwanza kufikiriwa. Nesi akaliona, akasogea kwa adabu: "Samahani, bibi, hilo hapana. Dafu lina potasiamu nyingi, figo zake haziwezi kuitoa. Ikizidi, moyo unasimama."

Shangazi akanitazama mimi, si nesi.

Baba akanyoosha mkono, nikampa alishike. Akalilaza kifuani, akalikumbatia kwa mikono miwili, kidole gumba kinapapasa pale panga lilipopita, penye unyevu. Akalinusa. Akatabasamu.

"Mama," akaniita, ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "mie nimekwea minazi kabla sijaota ndevu. Leo dafu sumu?"

Nikashindwa kujibu. Nikachukua chupa ya maji, nikajaza kizibo chake, nikamtilia mdomoni. Hakumeza. Aliyazungusha, shavu hili, shavu lile, kafumba macho, na muda mrefu ukapita kabla koo halijapanda na kushuka, mara moja tu. Akafumbua macho, akakitazama kizibo.

"Kingine."

Nikaangalia mstari niliouchora kwa kalamu kwenye chupa. Maji yalishaufikia.

"Kesho, baba."

Hakubisha. Akanirudishia dafu. "Mpe shangazi yako, ametoka mbali." Shangazi hakulinywa.

Baba alifariki Mei. Novemba mwaka uleule tukasikia redioni kwamba Muhimbili wamepandikiza figo, mara ya kwanza nchini. Kaka yangu, ambaye angetoa yake bila kuombwa, aliinuka akatoka, hakurudi mpaka usiku.

Shangazi hajanisamehe lile neno "kesho". Anasema binadamu hanyimwi maji. Kama siku zake zilikwisha, basi angeondoka amekata kiu. Mimi humwambia vile vizibo ndivyo vilivyomfikisha Aprili, akamwozesha mdogo wangu mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wake. Shangazi alikuwepo, na vigelegele vyake vilisikika kuliko vya wote. Halikatai hilo. Ila kila tukifika hapo ananiuliza, "Na ile kiu?", na mimi sijapata la kumjibu.